Pellow Imehamia Kensington

Chumba cha nyuma, Saluni ya Carmel,
Kensington, Johannesburg
14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Adrien,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mgongo unaendeleaje? Habari za Uvira zinatufikia nusunusu na mioyo inatuenda mbio. Tuandikie hata mstari mmoja. Sisi tu wazima, ila baridi ya huku inauma.

Umesikia kwamba tumefukuzwa. Ni kweli, lakini usihuzunike, soma kwanza.

Unaijua karatasi yetu ya habari kwa Kiswahili, ninayoitoa kila Ijumaa na Fiacre, yule fundi cherehani Mrundi. Haikuwa na jina. Tuliichapa chumbani kwetu mtaa wa Pellow, katikati ya mji, na watu wakazoea kuulizana, “Pellow imesema nini?” Mtaa ukawa gazeti.

Mwezi wa nne mwenye jengo alitufungia maji wapangaji wote, ili tuchoke tuhame. Falonne, mwenye kichanga cha wiki mbili, alipanda ghorofa sita na ndoo. Tukaandika hivyohivyo, na jina la mwenye jengo juu.

Siku ya tatu msimamizi wake akaja na walinzi wawili. Akataka tuandike kwamba tulisema uongo, la sivyo tutoke. Nilimjibu, Mjomba: “Fungua bomba. Maji yakitoka, nitaandika kwamba yametoka.”

Mchana huohuo mashine yetu ilikuwa barabarani, karibu na robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, Fiacre ameikalia isiibiwe.

Carmel, msusi mwenzangu, akatupa chumba hiki. Fiacre akataka jina jipya, maana Pellow hatupo tena. Nikakataa. Akafikiri, kisha mwenyewe akanieleza habari za Fleet Street kule London: magazeti yalihama mtaa ule zamani, na hadi leo Waingereza wakiutaja wanamaanisha magazeti. Basi tukaandika juu ya karatasi, kwa mara ya kwanza: PELLOW.

Wapangaji waliipeleka ile karatasi ya habari za maji kwa mawakili wa bure, na mahakama ikaamuru maji yafunguliwe. Nikaandika kwamba yametoka. Chumba hatukurudishiwa, mlinzi wa mlangoni ana picha yangu nisiingie. Na awe nayo. Ijumaa iliyopita wapangaji wa majengo mengine matatu walikuja hadi Kensington na habari zao, na wote waliuliza njia ya kwenda Pellow.

Nisalimie Shangazi Pascasie, Pacifique na binti yake Olive. Mungu awafunike kwa mkono wake. Usiniombee ninyamaze, Mjomba, niombee wino.

Mpwa wako, mwenye kukupenda na kichwa kigumu,
Murielle