Aliyetoboa Tuta

Palo Seco, ng'ambo ya mto
Oktoba, siku ya mvua

Baba mpendwa,

Nakuomba baraka zako kama ulivyonizoesha tangu utotoni, hata kama safari hii utazitoa kwa shingo upande. Magoti yanaendeleaje na unyevu huu? Na mama, presha imeshuka, au bado anakula chumvi kwa kujificha? Sisi huku wazima. Wajukuu zako, Yaneli na Quico, wanakula na kugombana kama kawaida. Mgonjwa wetu ni mume wangu Tulio peke yake, na habari zake unazijua, maana aliyemkata ni mwanao.

Nakuandikia kwa sababu kaka Radamés amemtuma muuza mkate aniambie kwamba siku Tulio atakapotoka hospitali atakuja kumalizia kazi. Unamjua, hatanii akishika panga. Tafadhali soma barua hii yote kwanza, kisha umpe naye aisome.

Kampuni ya kokoto ilipoondoka ilituachia lile shimo kando ya mto, upande wenu, na kila mtu alilitukana. Lakini mto ukifura uliingia mle, ukatulia, kisha ukarudi zake, na sisi ng'ambo tulilowa miguu tu. Yule mama mhandisi alikuja akawaeleza kwamba shimo liachwe wazi, lipandwe matete, kwani ndipo mto unapopumulia. Mkilifukia na kuinua tuta, maji yatatafuta pa kwenda, na ng'ambo kuna watu. Mlimcheka. Radamés alimuuliza kama anataka tufuge vyura tuwapeleke sokoni. Nawe ulisema mto hauna hati ya ardhi, wewe unayo, na watu wakapiga makofi. Sikukuona mbaya, Baba. Ulitazama shamba la babu likibebwa na malori miaka na miaka, ukataka lirudi.

Mkaitisha ujima. Watu wa huku nao walikuja kufukia shimo na kuinua tuta, Tulio akiwamo, maana mwaliko wa ujima haukataliwi. Mimi nilipika sancocho, ile supu nzito ya nyama na mihogo, ya watu wote. Tulijichimbia kaburi huku tunaimba.

Mvua za Mei ziliponyesha, maji yaligonga tuta lenu yakaturukia sisi. Jirani yangu Doña Fefa, yule kipofu, tulimkuta ndani ya nyumba yake, kitanda kimeelea hadi juu na yeye amebanwa kwenye mabati, kucha zimevunjika kwa kukwaruza. Nilimwosha mimi. Kwenye matanga ulikuja, ukakaa nyuma, ukaondoka bila kunywa kahawa.

Kisha kikaja kimbunga cha Septemba. Adhuhuri maji yalinifika mapajani ndani ya nyumba. Niliwapandisha watoto juu ya paa nikawafunga kamba kwenye boriti. Wanaume wa huku walivuka daraja la miguu kuwaomba mtoboe tuta. Waliomba kweli, usikubali kudanganywa. Radamés aliwajibu kwamba watu wa Palo Seco wajifunze kuogelea, mbona mabata wao hawalalamiki. Mtu akarusha jiwe, wa upande gani sijui, na mapanga yakatoka. Mtoto wa kinyozi alipoteza sikio. Binamu yetu Wilton alipigwa sepetu ya uso, meno yakamwagika, na aliyempiga wanacheza naye besiboli timu moja. Watu waliobatiziana watoto walikabana koo kwenye matope.

Ndipo tuta likapasuka. Maji yaliingia shambani kwenu kwa kishindo, migomba ikalala yote, na nyumbu wako akaenda nayo. Radamés alipogeuka alimwona Tulio kando ya ufa, jembe mkononi. Hakumuuliza kitu. Panga la kwanza liliuondoa mkono wa kulia juu ya kifundo. La pili lilimkosa kwa kuwa Tulio alikwisha anguka. Tangu siku hiyo mto mzima unasema Tulio ndiye aliyetoboa tuta, naye hakatai. Polisi walipomhoji aliangalia ukuta.

Baba, Tulio hakuligusa. Ni mimi.

Siku ile ya ujima mliacha pengo ili sisi wanawake tupite kuchota maji ya kupikia. Mlilifunga mwisho kabisa, jioni, ramu imeshawapanda kichwani. Mawe yalikuwa yameisha, mkashindilia vigogo vya migomba na magunia ya taka, mkapaka udongo juu. Nilikuwa nasugua masufuria, niliona. Basi nilichukua jembe nikawafuata wanaume darajani, na walipokuwa wanachinjana nilipita nyuma yao nikachimba palepale. Vigogo vilikwisha oza, jembe lilizama kama kwenye uji. Tulio alinikimbilia, akaninyang'anya jembe, akanisukuma majanini nijifiche. Kaka akamkuta hapo.

Nilimsikia mume wangu akilia na sikutoka. Nilifikiri juu ya watoto, wako juu ya paa, hawana mwingine. Hilo linaniuma kila nikienda hospitali kumbadilisha bendeji. Kutoboa tuta hakuniumi hata chembe. Maji yalishuka yakiwa vidole vichache tu chini ya miguu yao. Kwetu alikufa mtu, kwenu zimekufa ndizi.

Sasa mpe Radamés asome. Kama bado ana kazi ya kumalizia, asimsubiri Tulio atoke hospitali. Mimi nipo nyumbani, na mlango tulionao ni pazia tu, ule wa mbao ulisombwa. Nanyi mkiliziba tena lile pengo nitalitoboa tena, na safari hiyo sitaingia majanini.

Mpe mama shikamoo yangu, na umfiche chumvi. Yaneli na Quico wanaomba baraka zako. Wanamsalimu sana mjomba wao Radamés na wanauliza mbona siku hizi haji kucheza nao. Nimewaambia baba yao alikatwa na bati.

Binti yako,
Nurys