Mgongo wa Muuguzi Kasereka

Walikale

Papa mpendwa,

Kabla sijakuuliza hali yako, ujue kwanza kwamba mkono unaoandika barua hii ni wangu mwenyewe, na kwamba asubuhi ya leo nimekula uji, nikatembea mpaka mtoni na kurudi bila kushikwa na mtu. Ninaanza na hilo kwa sababu habari zinazofuata zinaweza kukutisha, na sitaki uzisome moyo ukikudunda. Sasa nakusalimu. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Kirolirwe? Mama amepona kikohozi? Na ng'ombe bado wako juu kilimani, au mliwashusha tena milio ya risasi ilipokaribia? Sisi huku tulisikia tu kwamba barabara imefungwa, na simu nazo zilikatika siku hizo hizo. Ndiyo maana Mama mdogo Sifa, ninayekaa kwake, hakuweza kuwaambia yaliyonipata.

Niliugua, Papa. Ilikuwa homa ya tumbo, ikatoboa utumbo. Walinipasua hapa hospitali na kunishona, kisha wakanilaza katika chumba cha wagonjwa mahututi. Najua ukisikia chumba hicho unamkumbuka Shangazi, dada yako, na yule muuguzi wa mji ule mwingine aliyekuwa akiandika tu mpaka Shangazi akakata roho. Maneno yako siyasahau: "Muntu anakupatia mugongo wakati dada yako anakufa, huyo si munganga, iko karani." Na siku ile nilipokuambia kwamba nataka kuchagua seksio ya uuguzi shuleni, ulisema mtoto wako hatasomea kuwapa watu mgongo. Nilinyamaza. Wewe unajua jinsi ninavyonyamaza. Lakini shule inafunguliwa karibuni, mkurugenzi wa shule hamwandiki mwanafunzi kwenye seksio bila neno la mzazi, na safari hii nimejifunza jambo ambalo sitaki kulinyamazia.

Nilipofumbua macho baada ya kupasuliwa, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mgongo. Blauzi nyeupe, mabega mapana, kichwa kimeinama. Alikuwa muuguzi Kasereka, Mnande wa upande wa Butembo, mtu mwenye sauti nene na kicheko kifupi. Meza yao ilikuwa imesukumwa ukutani chini ya dirisha, kwa sababu umeme ni wa kubahatisha na pale ndipo penye mwanga. Kwa hiyo kila aliyeandika alitutazamisha mgongo. Nikasema moyoni, Papa alisema kweli.

Alikuwa anaandika nini siku nzima? Nilikuwa nimelala tu, sina kitabu, nikawa nawasoma wao. Anapima homa, mapigo ya moyo, pumzi na mkojo, anaandika kwenye karatasi ya kitanda. Kisha anaenda mezani kuandika yale yale kwenye rejista kubwa. Halafu kwenye ripoti ya zamu. Halafu anaandika ombi la dawa, maana bila karatasi famasi haitoi hata sindano. Na kwa sababu wengi wetu mle tulikuwa watu waliokimbia vita au waliopigwa risasi, kulikuwa na karatasi nyingine ya shirika linalotulipia, inayouliza tena yote tangu jina. Daktari mwenyewe, mwanamke mwembamba asiyeketi, alitoka chumba cha upasuaji na buti zenye damu, akasimama pale pale kuweka sahihi. Nilimsikia akisema, "Kasereka, kama kalamu ingekuwa dawa, humu hakuna mutu angekufa."

Kasereka aliponikuta nimeamka aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kirolirwe.

"Aa, kwenye fromaji!" akasema, maana jibini yetu inajulikana mpaka huku. "Papa yako iko na ngombe ngapi?"

"Kwetu ngombe hazihesabiwe," nikasema polepole. "Tunaziitaka majina."

Alicheka mpaka mgonjwa wa jirani akageuka. "Basi huku umepotea njia, mutoto. Huku tunahesabu hata mikojo!"

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nilikuwa na mpira unaopita puani mpaka tumboni, unaotoa maji ya tumbo na kuyaingiza katika mfuko uliotundikwa ubavuni mwa kitanda. Nilikatazwa kula na kunywa chochote, hata maji, mpaka mshono ushike. Midomo ilipasuka kama udongo wa kiangazi. Kwenye kitanda cha jirani alilala kijana aliyepigwa risasi, na bibi yake ndiye aliyemlinda. Ni mama mzee wa Karuba, upande wetu, aliyekimbia mpaka huku, na kila mtu humwita Koko. Aliposikia neno Kirolirwe alinisogelea kama ndugu.

"Mutoto wa kwetu! Na wanakuacha unakauka hivi?"

Mama mdogo alikuwa ametoka kutafuta makaa. Koko akatoa kikombe chini ya kitenge. Mashanza, Papa! Maziwa ya mgando kabisa, sijui aliyapata wapi katika mji huu wa samaki na mihogo. "Kunywa kidogo. Mutoto hawezi kulala ivi bila maziwa, sisi si mawe."

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba maziwa hayakataliwi. Mtu akikupa maziwa ukayarudisha, umemwambia ng'ombe wake hafai. Nikamtazama Kasereka. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, mgongo kwetu, anaandika. Nilijaribu kusema, lakini sauti yangu unaijua, na kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni. Nikanywa.

Haikupita muda, mpira ukaanza kuleta kitu cheupe. Kasereka aligeuka, akauona mfuko, akaruka.

"Furaha! Hii nyeupe ni nini? Dokta! Dokta, kuya uone!"

Daktari alikuja mbio. Walidhani ni usaha, na kwamba mshono umefunguka. Alinibonyeza tumbo, akaanza kuwaambia waandae chumba cha upasuaji. Papa, ningenyamaza wangenipasua mara ya pili. Nikamshika mkono.

"Ni mashanza," nikasema.

"Mashanza gani?"

"Ya Koko. Alinipatia."

"Wakati gani?" akauliza Kasereka.

"Wakati ulikuwa unaandika."

Wote wakamgeukia Koko. "Munafungia mutoto maziwa, atapona namna gani?"

"Koko, utumbo wake umeshonwa!" akapaza sauti Kasereka.

"Sasa na maziwa njo utumbo inashonaka!"

Daktari alikaa ukingoni mwa kitanda, mara ya kwanza kumwona amekaa, akacheka huku machozi yanamtoka. Kasereka hakucheka. Alichukua karatasi zake mezani, akazitazama moja moja. "Hapa niliandika: hakunywa kitu," akasema. "Hapa tena: hakunywa kitu. Na hapa. Mutoto anakunywa nyuma yangu, mimi niko naandika hakunywa kitu."

Ndipo nilipomwona uso, Papa, na haukuwa uso wa mtu asiyejali. Nadhani na yule muuguzi wa Shangazi alikuwa na uso. Sisi hatukuuona tu.

Lakini haikuishia hapo. Zamu ilibadilishwa alasiri, akaja muuguzi mwingine ambaye hakuwa amewahi kuniona. Nilimwambia niko mzuri, nami niliamini hivyo. Yeye akasoma karatasi iliyo miguuni pa kitanda, akapitisha kidole polepole. Mapigo ya moyo yalikuwa yanapanda kidogo kila walipopima, na mkojo unapungua. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuona ugonjwa huo mzima. Kila mmoja aliona kipande chake na kukiandika. Akaniongezea maji ya mshipani, akamwita daktari, wakakaa karibu nami mpaka nikatulia.

Nikamkumbuka ng'ombe wetu Bihogo. Unakumbuka maziwa yake yalivyopungua kidogo jioni moja, na kidogo tena jioni iliyofuata, nawe ukasema anaumwa kabla hajalala chini? Uliweza kwa sababu Bihogo ana mchungaji mmoja, na jioni zake zote ziko kichwani mwako. Mgonjwa ana wachungaji wanaopokezana. Huyu anaingia, yule anakwenda kulala. Karatasi ile ya kitandani ndiyo kichwa chao cha pamoja. Ile, Papa, si mgongo. Mgongo ni zile nyingine zinazorudia yale yale mbali na kitanda.

Na wao walilijua hilo. Kesho yake daktari na wauguzi walibishana sana, kisha wakaivuta meza kutoka dirishani na kuigeuza. Sasa anayeandika anatuelekea sisi, mwanga unatoka nyuma yake, na kivuli chake mwenyewe kinaangukia karatasi. Kasereka alilalamika, "Nitapofuka!" Koko akamjibu, "Pofuka kwa karatasi, basi utuone sisi." Karatasi ya shirika sasa anaijaza karani wa mapokezi. Daktari ameomba ripoti ya zamu na rejista viwe kitu kimoja. Jibu bado halijarudi, lakini nilipotoka walikuwa wanalingojea kwa matumaini. Na mle ndani nilisikia kitu ambacho sikukisikia siku za kwanza: wauguzi wanatuita majina kutoka pale mezani, mmoja mmoja, bila kuinuka. "Furaha?" "Niko." Kama wewe mlangoni pa lupango jioni, ukiita ng'ombe waingie zizini.

Papa, nataka kusomea kazi hiyo. Sikuombi umsamehe aliyetupa mgongo. Naomba uniache nijifunze kuandika nikiwa nimegeukia kitanda.

Nisalimie Mama, umwambie kovu ni dogo na halitaonekana kanisani. Nisalimie kaka Innocent, anayekusomea maneno haya. Asiruke sehemu ya mashanza hata akicheka. Msalimie shemeji yake mkamuaji, na jirani yetu mama wa duka la chumvi. Mama mdogo Sifa anawakumbuka nyote na anasema mpunguze wasiwasi.

Barua hii inabebwa na kijana wa pikipiki wa Papa Muhindo, mfanyabiashara wa hapa, maana wameanza kupita tena. Atalala huko na kurudi. Ukikubali, mpe kidumu cha mashanza. Daktari ameniruhusu, na nusu nitampelekea Koko. Kama bado unafikiri, nitumie fromaji, kwa sababu fromaji inajua kungoja, nami nitangoja nayo. Ila usimrudishe mikono mitupu, Papa.

Ni mimi binti yako asiyesema sana,

Furaha