Kwa Fundi Wetu, Aliyeugua Tukamwita Mvivu

Mwaka umezunguka, fundi wetu na ndugu yetu, tangu tulipokuzika mchana wa mvua, na hadi leo wapo wanaosema tulizika kichaa. Tunaandika hapa gazetini ili wasome.

Hukuwa kichaa. Ulikuwa fundi cherehani. Mzazi aliyeleta kitambaa pungufu cha sare ulimwongezea kutoka kwenye mabaki yako, na akianza kukushukuru ulipiga mluzi usimsikie. Chai uliinywa imepoa. Mama akilalamika ulimjibu, "Chai ya moto ni ya wasio na kazi, bi mkubwa."

Kisha ukaanza kuziba mifuko. Suruali zikatoka kwako mifuko imeshonwa midomo. Muuza mkaa akafoka mbele ya wateja: "Fundi, sasa mikono niitie wapi, kinywani?" Banda zima likacheka. Wewe ulinong'ona, "Mifukoni ndimo wanamosikilizia." Hakuna aliyeuliza ni akina nani. Hata sisi hatukuuliza.

Maneno yao tunayakumbuka yote. Shemeji alisema ni bangi. Mwenye banda alisema umerogwa, akaitoa cherehani yako nje juani. Na yetu je? Ulipoacha kuoga tulisema uvivu. Ulipokaa kutwa unatazama ukuta, uso haucheki wala haulii, tulisema kiburi. Ulipoanza habari ya uzi ukaimalizia kwenye paa, tulisema unatufanyia makusudi.

Tulipokupeleka kliniki hatimaye, muuguzi ndiye aliyeutaja ugonjwa huo wa akili kwa jina lake, skizofrenia. "Sauti anazisikia kweli, kama mnavyonisikia mimi," alisema. "Na huo mnaouita uvivu ni ugonjwa uleule."

Dawa zikakurudisha. Ukaoga, ukashona, ukamtania mama tena. Hapo ndipo tulipokosea. Mama alisema dawa ni za mgonjwa, na wewe umeshapona, zinakulaza bure. Akazimwaga chooni, nasi tukampongeza. Mwezi wa tatu baada ya hapo sauti zilirudi. Ukawakimbia watu tusiowaona, ukakatiza barabara kuu, lori likakukuta.

Mtaani wanasema siku yako ilifika. Haikufika yenyewe. Tuliivuta.

Wiki iliyopita mke wa seremala alikuja nyumbani. "Mama, mume wangu naye alikuwa akisikia sauti. Sasa ametulia kabisa. Si nimwachishe tu zile dawa?"

Mama alimshika mkono, hakuuachia. "Usithubutu, mwanangu. Nenda naye kliniki, waseme wao. Wangu naye alitulia hivyohivyo."

Unakumbukwa na mama yako. Dada yako mkubwa, aliyeandika haya. Wadogo zako wawili. Shemeji yako, ambaye siku hizi hataji tena bangi. Na wapwa uliowashonea sare zao za kwanza.

Hatutakusahau maisha yetu yote, na hatutanyamaza.