Mama, Eda Yako Niliiandika Ugonjwa

Mama yangu,

Shikamoo. Ningekuwa na adabu ningeanza kwa kukukumbusha mazuri yetu, lakini leo sina subira hiyo. Nimekaa kitandani pako hapa nyumbani, mtaani Shika Adabu, adhana ya alasiri imekwisha sasa hivi, na nina jambo la kukiri.

Unaikumbuka siku ya ishirini ya eda yako? Baba tumemzika, wewe umekaa chumbani na nguo nyeupe, bila wanja, bila udi, bila hina, kama mjane anavyotakiwa. Nikaingia na begi langu la kampuni ya dawa, nikatoa fomu na kalamu, vyote vina jina la kidonge chetu kipya. Nilitaka kukusaidia, wallahi. Pia nilitaka kuonekana hodari kazini. Nikakusomea maswali. Umepoteza hamu ya kujipamba? Umeacha kutoka nyumbani? Ulinitazama kana kwamba nimeuliza bei ya samaki msikitini.

"Na sauti za watu wasiokuwapo, wazisikia?"

"Namsikia babako akikohoa pale mlangoni, kila alfajiri," ulisema. "Kwani wewe humsikii?"

Mimi pia nilimsikia, Mama. Nikatia alama kwenye fomu yako tu.

"Mwanangu, mimi si muwele," ukaniambia. "Mimi nimefiwa."

Nilikucheka moyoni, nikakuona mtu wa zamani. Semina ya kampuni ilikuwa imetufundisha tusitamke majonzi mbele ya madaktari, tuseme sonona, kwa kuwa majonzi hayaandikiwi dawa. Daktari niliyekuwa nikimpelekea sampuli za dawa hakuja hata kukuona. Alijumlisha alama zangu, akaandika vidonge, kisha akanipa pole ya msiba! Fomu ile iliuliza mengi, lakini haikuwa na mahali pa kuandika kilichotokea.

Vidonge vikakulaza. Siku tatu mfululizo sala ya alfajiri ilikupita, wewe uliyekuwa ukituamsha sote. Siku ya nne ukanirudishia pakiti. "Zanilaza hata kulia siwezi. Niache nimlilie mume wangu." Nikaitia begini, na kwenye ripoti sikuandika kwamba umeziacha.

Miezi minne na siku kumi ikatimia. Tukakutoa eda, tukakufukiza udi, mashangazi wakapiga vigelegele. Juma lililofuata ulikuwa harusini Kisauni, hina mpaka viwikoni, ukimtania bibi harusi hadi wanja ukamchuruzika kwa kicheko. Nikakupiga picha. Nyingine nilikuwa nimekupiga ndani ya eda, nikakudanganya kwamba ni ya kumpelekea dadako Lamu. Nikaziweka pamoja, nikazipeleka kazini: kabla ya dawa, baada ya dawa. Nikapandishwa cheo. Ukaniombea dua kwa cheo hicho, nami nikaitikia amin.

Sisemi dawa zote ni uongo. Mtoto wa jirani yetu aliugua kweli, vidonge vikamsaidia, na leo yuko kazini bandarini. Lakini yeye daktari alimkalisha akamuuliza habari zake. Wewe uliulizwa na mimi, nami nilikuwa na haraka.

Leo asubuhi, mwaka wa pili tangu ututoke, picha zako zimeoneshwa ukutani katika hoteli moja ya Nyali, mbele ya madaktari na wauguzi kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe. Nilimwomba bosi aiondoe ile ya eda.

"Madam, hiyo ndiyo inauza," alisema. "Usiiguse."

Basi wewe, ambaye ndani ya eda hukukubali hata jirani wa kiume akuone, umekodolewa macho na ukumbi mzima, wanaume wakitafuna sambusa. Nami ndiye niliyeshika kile kidude cha kubadilishia picha.

Muuguzi mmoja, binti wa Likoni, akainua mkono. "Samahani dada. Huyo mama si yuko edani?"

Bosi akanitazama. Nikasema, "Sijui. Ni mgonjwa tu."

Sijui, Mama! Nimekukana mchana kweupe, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Kila mtu ameondoka na bunda la fomu, na wataanza nazo Jumatatu. Katika mitaa yetu hakosekani mjane aliyekaa eda, na sasa yupo mtu atakayemwendea na kalamu kama nilivyokuendea mimi. Nina hasira na bosi, nina hasira na yule daktari, lakini ninayetamani kumzaba kofi ni mimi mwenyewe.

Nambari ya yule muuguzi nimeipata kwenye orodha ya mahudhurio. Nimeweka kalamu chini nikampigia, na sasa naendelea kukuandikia.

"Yule kwenye picha ni mama yangu," nimemwambia. "Dawa zetu alizimeza siku tatu tu. Hakuwa mgonjwa."

Nilisikia akifunga mlango. Kisha akauliza, "Naweza kuwaambia wenzangu?"

Niliiona kazi yangu ikienda. "Waambie," nikasema. "Na jina langu ulitaje."

"Wakiniuliza mama alikuwa na nini, niwajibu vipi?"

"Alikuwa na mume."

Simu yaita, Mama. Ni bosi. Nisamehe wewe kwanza, kisha niipokee.

Mwanao,
kifungua mimba wako