Tangazo la Mama kwa Herufi Nene

Tarehe 4 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Leo nitakueleza yote, hata yale baba aliyonikataza. Hujambo? Mimi ni mzima wa mwili tu. Baba anakula vijiko viwili, kisha anasukuma sahani.

Tangazo la mazishi ya mama hakulipanga baba. Nililipanga mimi. Alikaa sakafuni pale karakanani petu pa kupigia chapa, akasema hana nguvu ya kulipanga. Nikafungua droo ya herufi nene za chuma, zile zenye mistari mipana kama nguzo na mingine myembamba kama uzi, na miguu midogo kila ncha. Zinasimama kama watu waliovaa vizuri. Baba alitufundisha kuwa ni za kumwita mtu aliye ng’ambo ya barabara: neno moja au mawili, makubwa, basi. Maelezo tuyapange kwa herufi nyepesi. Nilijua, kaka. Lakini niliona mama hastahili chochote chembamba. Nikapanga yote kwa herufi nene za saizi ndogo, hata saa. Wino ukaziba matundu. Saa 3 ikasomeka saa 8.

Ndiyo maana ulifika saa saba na nusu ukidhani umewahi, kumbe tumeshamzika. Ukamfokea baba: “Miaka thelathini unapiga chapa matangazo ya watu, la mkeo ndilo la kuharibu?” Akajibu, “Nimekosea mimi.” Nilikuwa nyuma ya mlango. Sikutoka.

Mdogo wako

Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi sijambo, kazi nyingi. Barua yako niliipata mapema, nikashindwa kuijibu. Wewe ni mtoto, sina kinyongo nawe. Ila baba aliishika karatasi ile kabla haijabandikwa. Fundi mzima! Aliona, akaacha. Usinibembeleze nimsamehe.

Kaka yako

Tarehe 6 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Huku hatuko vizuri.

Ni kweli aliishika. Aliipapasa kwa kidole gumba, akasema, “Imekaa sawa, binti yangu.” Hakuona kitu, kaka. Jana nilimpeleka kwa daktari wa macho. Kumbe tangu mwaka jana alikuwa akifanya kazi kwa kukisia kwa vidole, na mama ndiye aliyekuwa akimsomea. Daktari amesema uwezo wa kuona uliobaki hautafika mwisho wa mwezi, na dawa haipo.

Karakana tumeifunga kwa wateja. Kila asubuhi nampigia chapa neno moja kwa herufi kubwa kuliko zote, analisogeza dirishani mpaka linagusa pua. Leo lilikuwa MVUA. Akacheka kidogo, “Hata mimi naisikia, mwalimu.” Halafu akauliza kama umeandika. Nikadanganya kuwa bado.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mimi. Yeye hana tena muda wa kukasirikiwa. Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza: utakuja angali anaweza kuuona uso wako, au nimwambie asikungoje?

Mdogo wako