Baba, Kile Kibao cha Nyumba Safi

Baba, wewe uliyeniachia pua hii na ukaidi huu,

Jana nilikuwa napaka chokaa ukuta wa jiko langu, mkono ukanichoka, nikakaa chini nikaanza kucheka peke yangu. Mume wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia namcheka baba yangu, mtu pekee katika kambi nzima ya kampani ya madini ya Likasi aliyepewa zawadi akahangaika miaka miwili kuipoteza. Akasema nikuandikie wewe, maana yeye hadithi hii ameshaisikia mara nyingi na masikio yake yanataka kupumzika. Basi vumilia, wewe ndiye mwenye makosa.

Unakumbuka ilivyoanza. Nkambo, mama yake mama, alifiwa na mumewe kule Kapolowe. Shemeji zake wakachukua shamba, wakachukua na nyumba, wakamwambia aende kwa watoto wake. Mtoto alikuwa mmoja tu, mama yetu. Ulipata habari jioni. Kesho yake ulitoka kazini ukapitia sokoni, ukarudi na magunia mawili ya chokaa kwenye baiskeli. Ukapaka nyumba yote, ndani na nje, ukapaka mawe ya njiani, ukapaka hata shina la mpapai. Nyuma ya jiko ukajenga kijumba chenye mlango wake wenyewe, ili mama mkwe wako asilazimike kupita mbele yako. Kwetu adabu ya ukwe ilikuwa kali: mwanaume hamtazami mama wa mke wake usoni, hali naye, wala hasemi naye. Mtu kama huyo akihamia katika nyumba ya vyumba vitatu yenye watoto sita, ni lazima ujipange.

Tatizo lako, baba, hukuuliza wiki ile kuna nini kambini. Wanawake wa foaye, ile nyumba ya kampani walikofundishwa mama zetu kushona na kutunza nyumba, walikuwa wanapita mtaa kwa mtaa kutafuta nyumba safi kuliko zote. Walifika kwetu chokaa haijakauka. Kiongozi wao, tuliyemwita Sitwayeni, yaani raia, kama watu wote walivyotakiwa kuitwa siku zile, alizunguka lupango letu, nyumba na uwanja wake, mara mbili, akashika mashavu, akapiga makofi. Jumapili baada ya misa wakatufungia kibao mlangoni kwa skrubu nne: NYUMBA YA MFANO, kwa herufi za kijani. Majirani walipiga vigelegele na mama alivaa kitenge kipya. Wewe ulishukuru vizuri, kisha ukaomba kibao kiwekwe upande wa nyuma. Walidhani unatania.

Siku ya pili yake Nkambo akashuka na kapu la samaki wakavu, kuku mmoja na kiko chake.

Nyumba zile zilikuwa za kampani, na kwenye karatasi ziliruhusiwa kukaliwa na baba, mama na watoto. Kweli, kila nyumba mtaani ilikuwa na shangazi au mpwa asiyeandikwa popote, na mkuu wa kambi aligeuza shingo tu. Lakini nyumba ya mfano nani ataigeuzia shingo? Kila mgeni wa kampani aliletwa kwetu. Walihesabu vitanda, walifunua sufuria, walipitisha kidole juu ya kabati. Wangemkuta Nkambo, wangempa karatasi ya kurudi Kapolowe, ambako hakuna mtu aliyekuwa anamngoja. Hilo ndilo tuliloliogopa, wakubwa kwa wadogo.

Kwa hiyo kila wageni walipokuja, Nkambo alihama. Mama Odilo, jirani yetu wa kushoto, alisimama uani kupokea: kwanza mkeka, kisha kapu, kisha kuku, na mwisho Nkambo mwenyewe, akilalamika kwamba bukari ya Mama Odilo, ugali wake, ni laini mno kwa mtu mwenye meno. Wageni wakiondoka, alirudi kwa utaratibu uleule. Wewe na Nkambo hamkuwahi kulizungumza jambo hilo, mngelizungumzaje? Ulinituma mimi. Unaniambia nimwambie Nkambo wanakuja Alhamisi, naye yuko hatua tatu nyuma ya ukuta, amesikia kila kitu. Nakwenda namwambia. Ananiambia nimwambie baba yangu kwamba amesikia. Narudi nakuambia, nawe unatikisa kichwa kwa makini, kana kwamba ni habari iliyotoka mbali.

Nkambo aliondoka, lakini harufu ya kiko chake haikukubali kuondoka. Siku moja Sitwayeni akanusa hewa, akauliza ni nani anayevuta tumbaku ndani ya nyumba ya mfano. Wewe, mwimbaji wa kwaya, ambaye sigara ulikuwa unaiona midomoni mwa wengine, ukasema ni wewe. Tangu hapo ikabidi kila wakija wageni ukae barazani na sigara mkononi, ukikohoa mpaka machozi yanakutoka. Bwana mmoja wa Lubumbashi alikuonea huruma, akakushauri uende hospitali ukapimwe kifua.

Na sisi watoto tuliteseka, usifikiri. Choo chetu kilikuwa cha kuonyeshwa, cha kwenda kilikuwa cha Mama Odilo. Kitanda kikishatandikwa asubuhi, kukikalia tena ni usiku. Mama, aliyetembea mabega juu mwezi wote wa kwanza, alianza kusema na kile kibao kila alipofagia. Maneno yake sitayaandika hapa, maana barua hii huenda ikasomwa na wajukuu.

Ulijaribu kukipoteza, nakupa haki yako. Ukaguzi wa mwaka wa pili ulipokaribia, uliamua kwamba lazima tushindwe. Kumbe majirani nao walikuwa wameona taabu yetu, na hakuna aliyetaka zamu ya kibao. Mtaa mzima ukachafuka kwa siku moja. Watu walimwaga majivu barazani. Mama Odilo, mwanamke msafi kuliko sisi sote, aliacha masufuria ya juzi mlangoni na nzi juu yake. Sisi tukaanika mihogo iliyolowekwa, magunia mawili, mbele kabisa ya nyumba, ikanuka mpaka barabarani. Nilikuwa na hakika tumeokoka. Sitwayeni akasimama mbele ya ile mihogo, akafumba macho, akavuta pumzi, kisha akawaambia wenzake kwamba hii ndiyo otantisite yenyewe, huyu baba anarudisha mambo ya wazee wetu. Neno lile la serikali, la kurudi kwenye asili yetu, lilikuwa likitoka redioni asubuhi na jioni, na mtu mwenye akili hakubishana nalo. Tukaachiwa kibao mwaka mwingine.

Kisha ikaja ile Jumatano. Nkambo alikuwa na homa siku ya tatu, hawezi kusimama. Asubuhi Sitwayeni akatuma habari kwamba mkubwa mmoja wa kampani, aliyekwenda kuangalia bwawa la Mwadingusha, atapita kwetu saa kumi. Mama akalia. Mama Odilo akaleta toroli, wakatandika blanketi ndani yake, na mvua ikaanza. Uliingia ukiwa na nguo zako za kazi, ukawakuta wanawake wawili wanamnyanyua Nkambo na mkeka wake, naye anawaambia kwa sauti ndogo kwamba anaweza kutembea, wamwache tu avae viatu.

Ni vile viatu, nadhani. Uso wako ulibadilika pale alipotaja vile viatu. Ukaingia ndani ya kijumba kile, ambacho tangu alipohamia hukuwahi kuvuka mlango wake. Ukamtazama usoni, ukasema naye kwa Kiswahili chetu cha kambini, wewe mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama pembeni bila kazi:

"Mama, lala. Hapa njo kwako."

Mama alifunika mdomo kwa mkono. Nkambo aligeukia ukutani kwa haya, akavuta blanketi, akalala.

Wakubwa walipokuja hukuwapitisha sebuleni. Uliwazungusha moja kwa moja mpaka nyuma, ukafungua mlango. Yule mkubwa akauliza kikongwe huyu ni nani na kama ameandikwa. Sitwayeni akafungua daftari lake, ingawa alijua hatapata kitu mle. Uliiweka mikono yako mgongoni, ninaiona mpaka leo.

"Uyu njo mama ya bibi yangu, mama mkwe. Habakumwandika. Nilipaka chokaa hii yote sababu ya yeye, haiko sababu ya kibao. Kama iko kitu ya kutoka hapa, njo kile kibao."

Mvua ilipiga mabati. Mkubwa akamtazama Nkambo, akakutazama wewe na nguo zako zilizolowa, akasema pole kwa mgonjwa, akarudi garini. Jumatatu fundi akaja na bisibisi, akafungua skrubu zote nne. Alikuwa ameagizwa akipeleke kibao kwa nyumba inayofuata kwa usafi. Mama Odilo akamwambia paa lake linavuja. Nyumba ya tatu wakamwambia wana ugonjwa wa kuambukiza. Alikizungusha mtaa mzima mpaka jioni, akarudi nacho foaye chini ya kwapa.

Tulingoja karatasi ya kumfukuza Nkambo. Haikuja. Nyumba isiyo na kibao haikuwa na mtu wa kuikagua, na mkuu wa kambi akarudia kugeuza shingo yake. Mchana ule kibao kilipofunguliwa, sisi sote sita tulipanda kitandani na miguu yetu yenye vumbi, tukakaa tu, na mama hakutufukuza.

Kitu ambacho sikukijua ndicho kimenifanya nikuandikie, kicheko ni kisingizio tu. Mama ameniambia baada ya kukuzika. Mwaka ule jina lako lilikuwa kwenye orodha ya kufanywa kapita, msimamizi wa watu kiwandani, na baada ya ile Jumatano lilifutwa. Ulibaki na koleo lako mpaka siku ya kupumzishwa kazi, na hukutuambia hata mara moja kwamba tulikugharimu kitu. Nimekuwa nikisimulia hadithi hii miaka yote kama kichekesho, na wewe ulikuwa unacheka pamoja nasi. Asante, baba. Asante kwa kile cheo. Asante kwa zile sigara pia, maana najua zilikuwa mbaya.

Nkambo aliishi nasi miaka sita mingine. Mliirudia adabu yenu kana kwamba hakuna kilichotokea, yeye na mlango wake, wewe na kikohozi chako cha kubisha hodi uani, nami nikarudi kupeleka habari za chumvi na kuni. Nilikasirika sana. Niliona kwamba mlivuka mto mara moja tu, halafu kila mtu akarudi ng'ambo yake. Wiki yake ya mwisho, nikimwosha miguu, nikamuuliza kama haikumuuma kwamba mkwe wake hakusema naye tena.

Akanicheka, akatafuta pumzi.

"Alisema na miye mara moja," akaniambia. "Weye mutoto, iko bantu banaongea na miye maisha yote, habajanipatia ile alinipatia siku ile."

Mama anakusalimu, magoti yanamsumbua lakini ulimi haujambo. Pumzika vizuri huko uliko.

Binti yako wa tatu