Kufuli la Banda la Mbwa

Jumamosi usiku

Na bado sielewi yupi kati ya wale wauza mbwa wawili ni wa kuaminiwa.

Yule kaka wa Kingolwira, tuliyemwendea kwanza, alikuwa tayari kunipa kijibwa hapo hapo, ndani ya boksi. Nikamwuliza mama wa kijibwa yuko wapi. "Amesafiri," akasema. Mbwa amesafiri! Binti yangu Neema alicheka njia nzima.

Leo tukaenda Bigwa kwa Mama Anjela, nesi mstaafu. Huko mama mbwa tumemwona, mdogo kama paka, ananyonyesha, na kadi ya chanjo tumeonyeshwa. Neema akapakata kijibwa kimoja, kikalala palepale mapajani. Nikasema moyoni, asante Yesu, zawadi yake ya kipaimara imepatikana.

"Mchana atakaa wapi?" Mama Anjela akauliza.

Nikajibu kwa kujidai, "Bandani, mama. Baba Neema ameshaweka na kufuli, ili mbwa akifungiwa mchana, usiku awe mkali."

Akamchukua yule mtoto wa mbwa mapajani mwa Neema. "Huyu ni wa kukaa na watu, mwanangu. Kama ni wa banda, sikupi."

Siku hizi za ruksa ya biashara kila kitu kinauzwa, halafu mimi nanyimwa na hela ninayo mkononi! Mtaani kwetu mbwa wote wanafungiwa mchana. Baba Neema anasema turudi Kingolwira. Neema hajala.

Nimesali rozari nzima, jibu sijapata. Ila jioni nililitoa kufuli bandani, nikafungia kabati la sukari. Baba Neema akiuliza, sijui nitasema nini.